Tofali la Kikoneni

FEISAL: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

MAIMUNA: Feisal?

FEISAL: Ndiye. Na wewe nani? Namba hii siijui, na hapa nilipo sauti inakuja vipande vipa—

MAIMUNA: Shangazi yako huijui sauti yake? Mie Maimuna. Nimeshika simu ya Chiku, mkaza mwanangu. Yangu iko kwenye chaji.

FEISAL: Ala, shangazi. Shikamoo.

MAIMUNA: Marahaba, baba. Hujambo?

FEISAL: Sijambo, alhamdulillahi. Habari za Msambweni?

MAIMUNA: Njema. Mbona nasikia mbuzi?

FEISAL: Niko Taru. Nimekuja kwa bwana Nzai kuchagua mbuzi wa harusi ya Ummi. Ngoja nipande hapa juu kidogo, pale zizini mtandao ni wa kuombea dua. (mtandao unakwaruza) Wanipata sasa?

MAIMUNA: Nakupata. Dada yako anaolewa Jumamosi na mbuzi bado wako Taru?

FEISAL: Mbuzi ana miguu, shangazi. Atafika.

MAIMUNA: Maneno hayo ndiyo yaliyokuchelewesha shule. Haya, nimekupigia nikupe habari. Ile kazi ya mashine za kuhifadhi sauti nimeimaliza. Menza fundi wenu amekuja kutoka Ukunda, nimemkabidhi mashine mbovu mkononi. Anasema akifika ofisini, hata viatu hajavua, ataifuta tupu kisha aipime diski.

FEISAL: Poa sana. Ndivyo nilivyomwagiza. Sasa, kabla sijarudi kwa mbuzi—

MAIMUNA: Fanya upesi, nina shughuli. Kesho kutwa Bi Twaiba anatoka edani.

FEISAL: Bi Twaiba wa Kikoneni? Miezi minne na siku kumi imeshatimia?

MAIMUNA: Siku hazingoji mtu. Na mie nimemwahidi siku hiyo nitakwenda na sauti ya marehemu mumewe. Zile hadithi Mzee Kibwana alizotusimulia tukazirekodi mwezi wake wa mwisho, Twaiba hajasikia hata moja. Aliniambia, Maimuna, nina picha zake nyingi na zote kakunja uso kama anayesubiri ndondi. Niletee anacheka. Hilo tu ndilo aliloomba.

FEISAL: Atalipata inshallah. Ndiyo maana tuliweka nakala mbili, ili ikifa moja ibaki nyingine. Sasa tuhakikishe. Laptopu iko karibu?

MAIMUNA: Iko mbele yangu.

FEISAL: Fungua lile dirisha jeusi.

MAIMUNA: Limefunguka. Halina urembo wowote, jeusi kama sufuria ya msibani.

FEISAL: Andika ramani, acha nafasi, andika ghala. Kisha bonyeza enta.

MAIMUNA: Ramani. Nafasi. Ghala. (kimya) Haya, limechora.

FEISAL: Nisomee, mie sioni. Limechora nini?

MAIMUNA: Mti umelala ubavu. Shina lake limeandikwa ghala la sauti. Kwenye shina vimeota vijiti vitatu, kimoja chini ya chenziwe.

FEISAL: Hivyo vijiti ndivyo mato—

MAIMUNA: Matofali, najua. Usinisomeshe na mie ndiye niliyekushika mkono ukaandika a. Tofali ni pale sauti zinapolala ndani ya kila mashine. La Msambweni lina nakala. La Kikoneni lina nakala ileile. La Diani ni shahidi, anajua majina ya mafaili yote lakini sauti hana hata moja. Nimekosea?

FEISAL: Hujakosea. Umenipita.

MAIMUNA: Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Mti wa vijiti vitatu haunitishi.

FEISAL: Basi nisomee kilichoandikwa mbele ya kila kijiti. Ile amri nimeiandika mwenyewe, na nimekuwekea Kiswahili kitupu.

MAIMUNA: Cha kwanza, Msambweni. Mbele yake pameandikwa, hai. Kisha, mafaili mia nne na kumi na mawili yanangoja kuponywa.

FEISAL: Umeruka mstari.

MAIMUNA: Mie siruki mistari.

FEISAL: Shangazi, Msambweni haiwezi kuwa hai. Si Menza ameichomoa akaibeba?

MAIMUNA: Ameichomoa mbele ya macho yangu.

FEISAL: Cha pili kinasemaje?

MAIMUNA: Kikoneni. Haionekani.

FEISAL: Haio— rudia?

MAIMUNA: Haionekani. Kwa rangi nyekundu. Na Diani, shahidi, hai.

FEISAL: (mtandao unakwaruza) Mchoro umechelewa tu. Andika tena ileile.

MAIMUNA: Ramani. Nafasi. Ghala. Enta. (kimya) Mti uleule. Msambweni hai, Kikoneni haionekani.

FEISAL: Basi itakuwa Kikoneni umeme umekatika. Fanya hivi, mpigie Bi Twaiba, mwombe atazame mashine pale kwenye ukuta wa chumba cha mzee. Kama taa ya kijani inawaka, tutajua ni intaneti tu.

MAIMUNA: Hao mbuzi wazuri?

FEISAL: Mbuzi wazuri. Nimesema umpigie Bi Tw—

MAIMUNA: Wanene? Maana mwaka jana kwa kina Abdurahman waliletwa mbuzi, mtu ukitafuna wasikia mifupa yako mwenyewe.

FEISAL: Shangazi Maimuna.

MAIMUNA: Naam.

FEISAL: Mashine ya Kikoneni iko wapi?

MAIMUNA: Iko hapa.

FEISAL: Hapa wapi?

MAIMUNA: Hapa kwangu. Msambweni. Usiseme kitu kwanza, nisikilize. Mzee alipofariki, Twaiba akakaa eda. Wewe wajua ile mashine ilivyo, kila wiki ina kilio chake, na anayekuja kuibembeleza ni Menza. Sasa Menza mwanamume, ataingiaje chumbani kwa mjane aliye edani? Atasimama dirishani aitengeneze kwa kijiti? Nikaenda kumtazama Twaiba, akanishika mkono. Akaniambia, ile mashine ikinguruma ukutani nadhani mzee amekaa nayo, naitika, kisha nakumbuka. Feisal, ningemwachaje nayo? Nikaibeba mie na Chiku siku ileile, tukaifunga kwenye mkeka.

FEISAL: Inna lillahi. Na hukuniambia.

MAIMUNA: Ulikuwa umeshanikanya mara saba kwamba mashine mbili zisikae nyumba moja. Nikasema nitakuambia ukija. Ulipokuja ulikuwa na haraka, ukala ukaenda, nami nikanyamaza. Na kila Ijumaa nikiita ramani inaniambia Kikoneni hai, Kikoneni hai. Nikasema, basi kumbe haina neno.

FEISAL: Ramani inataja jina, shangazi, haitaji chumba. Ile mashine hata ukaipeleka Makka, ikishapata intaneti itaandikwa Kikoneni.

MAIMUNA: Sasa nimejua. Nimekosa, baba. Nilipaswa kukuambia.

FEISAL: Hapana neno, umefanya ubinadamu. Tuyatengeneze. Sasa hiyo ya Kikoneni uliiweka wapi hapo chumbani?

MAIMUNA: Chini ya meza. Nilimwambia Chiku aifiche chini, nyuma ya pazia, usiione siku ukija.

FEISAL: Na Menza amechukua ya juu ya meza.

MAIMUNA: Kama ulivyosema. Ulisema, mwambie achukue ile ya mezani.

FEISAL: Nilisema, ndiyo. Sasa hebu chungulia chini ya meza.

MAIMUNA: (sauti ya pazia) Ipo. Taa ya kijani inawaka.

FEISAL: Inawaka?

MAIMUNA: Inameta kabisa.

FEISAL: Kama inawaka, mbona Kikoneni haionekani? Shangazi, hizo mashine mbili zinafanana?

MAIMUNA: Kama mayai. Nyeusi zote, hata vumbi lake moja.

FEISAL: Muulize Chiku aliweka ipi wapi.

MAIMUNA: Chiku! Wewe Chiku! Ile mashine tuliyotoka nayo Kikoneni uliiweka juu au chini? (kimya) Sema tena, mama, huyu anasikiliza. (kimya) Yuko jikoni. Anasema aliiweka juu.

FEISAL: Juu.

MAIMUNA: Anasema mgeni hawekwi sakafuni. Ile ya hapa ni mwenyeji, akaiteremsha chini, akampisha mgeni mezani. Feisal, mie nilimwambia chini. Amelelewa vizuri mno mtoto huyu.

FEISAL: Basi iliyokwenda na Menza ni ya Kikoneni.

MAIMUNA: Ya Rabi.

FEISAL: Na iliyobaki hapo ndiyo mbovu. Yale mafaili mia nne na kumi na mawili yanayongoja kuponywa ndiyo yaliyoingia tangu diski ya Msambweni ilipoanza kuugua. Iliyakataa. Yamo Kikoneni peke yake.

MAIMUNA: Na ya Kibwana?

FEISAL: Ngoja nikumbuke tarehe.

MAIMUNA: Feisal. Na ya Kibwana?

FEISAL: Ya Kibwana yamo humo humo. Menza akiifuta, hayapo tena popote.

MAIMUNA: Twaiba anasubiri. Kesho kutwa atavaa, atatoka, ataniangalia mikono. Nimwambie nini mie? Nimwambie tulimuweka mgeni juu?

FEISAL: Menza ameondoka saa ngapi?

MAIMUNA: Sasa hivi tu. Nilimkaribisha chakula akasema ameshiba. Nikamkaribisha tena, akasema ana haraka. Nikamwacha mlangoni na mashine kwapani, nikaingia kukupigia wewe. Kisha nikasikia pikipiki ikiwaka, ikaenda.

FEISAL: Usikate. Naazima simu ya bwana Nzai nimpigie Menza kabla hajafika Ukunda. Bwana Nzai! Samahani, kaka, naomba simu yako kidogo. Mara moja tu. (mtandao unakwaruza) Hapana, huyo mbuzi mwache kwanza. Ahsante.

MAIMUNA: Anapokea?

FEISAL: Ndiyo kwanza naandika namba. Haya, inaita.

MAIMUNA: Sema hasbunallah.

FEISAL: Nimesema. Inaita. Hapokei. Yuko juu ya pikipiki, hawezi ku—

MAIMUNA: Nyamaza.

FEISAL: Nini?

MAIMUNA: Nyamaza kidogo. (kwa mbali, upande wa Maimuna, simu inalia) Unasikia?

FEISAL: Nasikia simu.

MAIMUNA: Kata hiyo ya Nzai.

FEISAL: Nimekata.

MAIMUNA: (kimya) Imenyamaza. Piga tena.

FEISAL: Nimepiga. (simu inalia tena kwa mbali) Shangazi, hiyo simu iko kwako.

MAIMUNA: Iko barazani kwangu. Subiri. Usiondoke hapo.

FEISAL: Siondoki. Shangazi? Shangazi, kimbia taratibu, una goti. (kimya) Bwana Nzai, nakuja. Nimesema nakuja. Hapana, si huyo. Sikusema huyo.

MAIMUNA: (anahema) Haloo.

FEISAL: Nipo.

MAIMUNA: Anakula.

FEISAL: Anakula?

MAIMUNA: Amekaa kwenye mkeka, mbele yake wali wa nazi na samaki wa kupaka, mkono mpaka hapa una mchuzi. Ndiyo maana hakupokea simu. Ile pikipiki niliyoisikia ni ya muuza mikate. Kumbe mie nilipoingia ndani, Chiku alitoka na birika, akamwambia, shemeji nawa, maji yashamwagika haya. Sasa mtu akishanawishwa atakwenda wapi?

FEISAL: Alhamdulillahi. Na mashine?

MAIMUNA: Mashine Chiku ameiwekea kigoda, akaifunika na leso yake mpya ili mchuzi usiirukie. Mgeni mara ya pili.

FEISAL: Chiku nitamnunulia leso ya pili.

MAIMUNA: Doti nzima, nami uniletee yangu. Nimeirudisha ndani mashine. Menza anauliza amekosa nini. Nimemwambia hujakosa kitu, baba, kula, na ongeza.

FEISAL: Iunge. Waya wa umeme kwanza, kisha ule wa bluu.

MAIMUNA: Umeme. Bluu. Taa nyekundu. (kimya) Taa ya manjano. Hii nayo ina maringo.

FEISAL: Ipe muda, inapanga vitu vyake.

MAIMUNA: Na mbuzi?

FEISAL: Bwana Nzai ameshamfunga kamba mbuzi siye. Nilimwonyesha nikasema yule wa mbele. Nimepanda huku juu kuongea nawe, mbuzi wamejigeuza, sasa wa mbele ni mwingine, amekonda, ana kikohozi.

MAIMUNA: Unaona tabia yako? Mie umeniambia ya mezani, yeye umemwambia wa mbele. Mahali panahama, mwanangu. Nzai angetajiwa rangi ya mbuzi angekosea? Nami ungenitajia jina la mashine, ningekukatalia palepale.

FEISAL: Kweli tupu. Nikirudi nitabandika karatasi kwenye kila moja, herufi kubwa.

MAIMUNA: Nitaandika mie, mwandiko wako naujua. Ah, kijani. Kijani, Feisal.

FEISAL: Ita ramani.

MAIMUNA: Ramani. Nafasi. Ghala. Enta. (kimya) Msambweni, hai, mia nne na kumi na mawili yanangoja. Diani, shahidi, hai. Kikoneni...

FEISAL: Kikoneni nini?

MAIMUNA: Ngoja nivae miwani vizuri. Kikoneni, hai. Hakuna kinachongoja. Mafaili yote yametimia.

FEISAL: Alhamdulillahi. Sasa sikiliza. Menza asibebe kitu leo, hata kijiko. Nikimaliza hapa nitakuja Msambweni, sauti za mzee tuzinakili pembeni kwanza kabla hatujagusa mashine yoyote. Ile nzima tutaitafutia nyumba nyingine. Bomba moja likipasuka hapo chumbani, zote mbili zimekwenda na maji.

MAIMUNA: Nyumba inayo. Itarudi kwao Kikoneni. Jana Twaiba amemtuma mtu kuniuliza, ule mlio utarudi lini? Nilidhani unamuumiza. Anasema mwanzoni ulimuumiza, sasa nyumba imekuwa kimya kupita kiasi.

FEISAL: Basi Alhamisi utakwenda na vyote viwili.

MAIMUNA: Inshallah. Niachie nisikilize kidogo, nihakikishe. Nimeona jina lake hapa, la mwisho kabisa kwenye orodha. Unataka kusikia?

FEISAL: Weka simu karibu na laptopu.

KIBWANA (kwenye rekodi): ...basi nikavalisha mti kanzu yangu kuukuu na kofia, nyani wa Kikoneni wadhani ni mimi nalinda mahindi. Asubuhi nakwenda shambani, kanzu ipo, kofia hakuna. Natazama juu ya mkorosho. Nyani kaketi, kavaa kofia yangu, ananitazama kama imamu anayemsubiri mchelewaji. Wallahi nikajikuta nimemwamkia.

TWAIBA (kwa mbali, kwenye rekodi): Mzee, chakula kinapoa.

KIBWANA (kwenye rekodi): (anacheka sana) Unasikia huyo? Nakuja, Twaiba. Namalizia hapa, nakuja.

FEISAL: Shangazi.

MAIMUNA: Nipo.

FEISAL: Unalia?

MAIMUNA: Nalia, ndiyo. Alitaka kumsikia anacheka. Kumbe alikuwa anacheka akimwitikia yeye.

FEISAL: Mpelekee hiyohiyo.

MAIMUNA: Hiyohiyo, wala sitakata mwisho wake. Haya, Chiku amesimama mlangoni anataka simu yake, nimeshamlia salio lote. Wasalimie wa huko, na huyo mbuzi aliyekonda usituletee, na Feisal, ahsante baba, Mungu akuwe—

FEISAL: Shangazi? Haloo? (kimya) Haloo? Limekwisha. (kimya) Ndiyo, bwana Nzai. Mweusi, sikio moja limechanika. Namalizia hapa, nakuja.